Maneno Tisa

Mimi ndiye niliyesema.
Naandika mapema, neno lisije likapewa mama mwingine.
Nilikuwa nasuuza masufuria kwenye falaji, Zuweina kando yangu,
nikasema tu, kama mtu anayetema kokwa ya tende:
"Taa ya wale wa nyumba ya mwisho haizimwi usiku."
Maneno tisa. Nimeyahesabu baadaye.

Zuweina akayabeba pamoja na vyombo vyake.
Yalipofika kwa muoka mikate yalikuwa yameshatiwa chumvi:
haizimwi, kwa sababu hawalali.
Kwenye basi la skuli watoto wakayapa miguu:
hawalali, kwa sababu wanachimba.
Kwenye sabla, baina ya kahawa ya pili na ya tatu,
Khalfan bin Sleyum, aliyekwenda Buraimi mara moja
na tangu siku ile anajua kila kitu,
akatikisa finjani kuwa imetosha, akasema:
wanachimba dhahabu ya Wareno,
na yule bibi kizee wao hana kivuli.

Ijumaa habari ikanirudia mlangoni.
Rayya akavua viatu, akashusha sauti: "Umesikia?"
Nikasikiliza mpaka mwisho, nywele zimenisimama,
na katikati ya kivuli na dhahabu na mbuzi wa Nasibu aliyepotea
nikaiona taa yangu,
imevishwa buibui, imepakwa wanja.
Naijua. Mzazi hapotezwi na nguo.
Sikusema ni yangu.
Nilisema, "Astaghfirullah,"
kisha nikauliza, "Mbuzi yupi?"

Wametoka Sur. Saa mbili kwa gari, ukisimama kununua chai.
Sisi tukawatoa nyuma ya mlima Kafu.

Mama alikuwa anamenya thomu.
Mama hasikii vizuri, ila yale usiyotaka ayasikie.
Akasema, wala hakuinua kichwa:
"Mwaka tulioshuka hapa na masanduku yetu
walisema tunatwanga mifupa usiku.
Yalikuwa makopa. Baba yako alitamani ugali wa muhogo.
Mwaka mzima hakuna aliyetuazima kibiriti."
Akapuliza maganda yakaruka.
"Na aliyeanza alikuwa jirani mwema. Alituletea maziwa."

Nikaenda.
Nilibeba vitumbua, nimefunika kwa kawa,
maana mikono mitupu huulizwa.
Zamzam alifungua kabla sijagonga mara ya pili,
kama mtu aliyekaa miezi mitatu nyuma ya mlango.
Bibi kizee alikuwa na kivuli:
kimeegemea ukutani, kinene, kinakula kitumbua changu.
Na juu yetu, mchana kweupe, taa inawaka.
"Swichi imekufa," Zamzam akasema. "Haizimiki.
Fundi Bashiri tumempigia mara nne.
Kila mara ana homa."

Bashiri wa Kerala hana homa.
Bashiri ameambiwa asikanyage nyumba ile,
nyumba yenye taa isiyozimwa.
Nilimeza kahawa pamoja na mashapo yake.

Asubuhi kwenye falaji waliningoja wote,
hata wasiokuwa na vyombo vya kuosha.
"Umeona nini?"
"Swichi."
"Swichi!" Zuweina akapiga kofi. "Ndivyo walivyokuambia?"
Nikaeleza waya, nikaeleza fundi,
na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonitazama
macho, kisha vidole,
kisha kivuli changu majini.
Kufika alasiri, nilikuwa nimelishwa kitu.
Kufika magharibi, kilikuwa kwenye kahawa.

Usiku nikawasha taa ya nje, nikaiacha.
Mama akapiga kelele kutoka chumbani:
"Zima, umeme una bei!"
Sikuzima. Kule mwisho ile nyingine inawaka.
Mlango wa Rayya ukalia kidogo,
ukafunguka upana wa jicho.